Kabla ya Kutoboa Kasha la Kompyuta



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kompyuta ya mezani inayopata joto kupita kiasi. Mwenye duka la vifaa vya ofisi anachapa barua ya mteja saa nane mchana, mara mashine inazimika yenyewe. Ikipoa, inawaka tena. Akiuliza, huambiwa kwamba mashine imechoka na anunue nyingine. Mara nyingi mashine hiyo haijachoka, bali imekosa hewa.

Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi, na joto likizidi huizima kompyuta ili isiungue. Kwa prosesa nyingi, kikomo hicho ni karibu na nyuzi 100 za sentigredi. Feni haizalishi baridi. Kazi yake ni kuliondoa joto kwa kusukuma hewa. Kwa hiyo, chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kikiwa na nyuzi 32, hakuna feni itakayoishusha mashine chini ya hapo. Tunachoweza kufanya ni kuipa hewa njia: iingie mbele upande wa chini na itoke nyuma upande wa juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda.

Kabla ya kushika drili, tunawaomba mfanye mambo mawili. La kwanza ni kusoma masharti ya dhamana. Ikiwa muda wake haujaisha, rudisheni mashine kwa muuzaji pamoja na risiti. Kasha lililotobolewa linaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa madai ambayo yangekuwa haki yenu.

La pili ni kutafuta chanzo cha joto. Zimeni mashine, chomoeni waya ukutani, kisha ondoeni vumbi kwa brashi laini huku mmezishika feni zisizunguke. Baadaye iwasheni, mpime joto kwa programu ya kupimia, kwanza kasha likiwa limefungwa, kisha ubavu wake ukiwa wazi. Joto likishuka kwa nyuzi kadhaa ubavu ukiwa wazi, kasha ndilo linalobana hewa. Lisiposhuka, kukata bati hakutasaidia sana. Huenda feni ya prosesa ni mbovu, au pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Pesti mpya ni gharama ndogo kuliko kasha lililoharibiwa. Tena, msiuache ubavu wazi siku zote: vumbi litarudi, na mkono wa mtoto unaweza kuingia.

Ikithibitika kwamba kasha ndilo tatizo, kazi inawezekana kwa bisibisi, drili, msumeno wa chuma, tupa na msasa. Vaeni miwani ya kinga na glavu ngumu. Toeni kila kitu ndani ya kasha, pamoja na ubao mama na diski. Jambo hili halina mjadala, kwa sababu unga wa chuma hupitisha umeme, na chembe moja ikinasa kwenye ubao mama inaweza kuunguza mashine nzima pamoja na mategemeo ya mwenyewe.

Feni ya milimita 120 huwa na matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105. Chukueni karatasi ngumu, chora umbo la feni, libandikeni juu ya bati na kuweka alama. Toboeni matundu madogo yaliyofuatana kuzunguka duara, kateni kilichobaki kati yake, kisha sugueni ukingo kwa tupa hadi usiweze kukata kidole. Okoteni unga kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, futeni kwa kitambaa kibichi na kuacha kasha likauke kabisa.

Wakati wa kufunga feni, angalieni upande wake. Kwa kawaida hewa hutokea upande wenye vishikizo vya mota. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele yake kitawathibitishia. Wekeni wavu wa kinga, na waya wa feni uunganishwe kwenye nafasi yake katika ubao mama, mbali na mapanga.

Lipo kasha moja ambalo hatutaki mlifungue wala kulitoboa: kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme kutoka ukutani. Kapasita zilizomo hubaki na umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Feni yake ikifa, badilisheni kisanduku chote au mpelekeeni fundi anayeaminika, naye awape risiti inayoeleza alichokifanya.

Hatimaye, pimeni tena joto kwa kazi ileile na saa ileile ya siku. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayowaambia kama jasho lenu limelipa. Na mtu akiwaambia tena kwamba mashine imechoka, mwombeni awaonyeshe kipimo kabla hamjatoa fedha.