Ameacha Timu Yetu: Tumsamehe au Tusimsamehe?

Mazungumzo ya mtangazaji, kipindi cha vijana. Sauti moja. Maandishi haya ni ya vikundi vya kusikiliza na ya wale waliokikosa kipindi hewani.

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka]

Salamu kwenu mlioko Musasa, Kinama, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda, na kwenu mnaotutegea sikio huku kandokando ya ziwa. Baba, mama, kaka, dada, karibuni. Leo nazungumza nanyi kutoka Gitaza, kwenye barabara ya kwenda Rumonge, mahali ambapo asubuhi harufu ya ndagala inakuamsha kabla ya jua.

Leo tunazungumza mpira. Najua mama mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya vijana." Mama, ngoja kidogo. Utaona yamefika hadi mlangoni mwa mama mwenzako.

Hapa Gitaza vijana wakimbizi wana timu yao. Hawana uwanja wa maana, wana kipande cha ardhi chenye mchanga, na mpira ukipigwa vibaya unakwenda majini. Lakini wana timu. Mshambuliaji wao alikuwa kijana wa miaka 19. Jina lake sitalitaja. Huyo kijana akipata mpira, hata wazee waliokuwa wanacheza karata walisimama.

Miezi miwili iliyopita aliondoka. Alikwenda kuchezea timu ya wavuvi. Wavuvi walikuwa wamempa nafasi kwenye mtumbwi, anakwenda nao usiku kuvua kwa taa, asubuhi anapata fungu lake la samaki. Mvuvi mmoja akamwambia, "Wewe ni mwenzetu wa mtumbwi, njoo uwe mwenzetu wa uwanja pia." Akaenda. Hakumuaga kocha. Timu ilikuwa na mechi siku iliyofuata, wakamsubiri mpaka refa akapuliza filimbi. Na jezi namba 9, iliyonunuliwa kwa mchango wa kila mtu, alibaki nayo.

Jumapili iliyopita timu hizo mbili zilikutana. Kijana akatufunga bao moja, na moja lilitosha.

Baada ya mechi yakaanza matusi. Msaliti. Mwenye njaa. Mtu asiye na kwao. Usiku huo jiwe likarushwa, likagonga mlango wa nyumba anayolala mama yake. Nilikwenda kumwona mama huyo asubuhi. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, tulikimbia bunduki. Sasa tukimbie na mpira?"

Ndugu msikilizaji, nami nilikuwepo uwanjani siku hiyo. Sikurusha jiwe. Lakini walipoanza kuimba "msaliti, msaliti", niliimba pamoja nao, na nilicheka. Kwa hiyo leo sikuhubirii. Ninazungumza na wewe kama mtu ambaye naye ana la kujibu.

[Muziki mfupi]

Swali letu ni hili: mchezaji akiacha timu, mashabiki wamsamehe?

Kwanza tuulize: je, kweli ni yeye aliyeacha, au aliachwa? Wengi wenu mnamkumbuka Amissi Tambwe, Mrundi mwenzao wenyeji wetu. Alitoka Vital'O ya Bujumbura, timu iliyochukua Kombe la Kagame mwaka 2013, akaenda Simba ya Dar es Salaam. Msimu wake wa kwanza, 2013/14, alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 19. Desemba 2014 Simba ikaachana naye. Akaenda wapi? Yanga, kwa watani wa Simba. Na msimu wa 2015/16 akawa tena mfungaji bora, mabao 21, akiwa na jezi ya Yanga. Sasa niambie, shabiki wa Simba angemdai nini Tambwe? Ulimfungulia mlango atoke, kisha unakasirika kwa kuwa jirani amemkaribisha? Hapo hakuna cha kusamehe, kwa sababu hakuna kosa.

Pili tuulize: ametoka kwa mlango au kwa dirisha? Fiston Mayele, mtoto wa Kongo, alitoka Yanga mwaka 2023 kwa mlango. Klabu mbili zilizungumza, akaenda Pyramids ya Misri. Msimu wake wa mwisho Yanga alifunga mabao 17 kwenye ligi, sawa kabisa na Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyekuwa Simba. Na huyo Saido naye aliwahi kuchezea Yanga, mkataba wake ukaisha 2022, akapitia Geita Gold kabla ya kufika Simba. Mkongo na Mrundi, kila mmoja upande wake, na wote wawili kileleni. Juni 2025 Mayele akaifungia Pyramids bao kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Pyramids ikachukua kombe. Shabiki wa Yanga aliyeumia Mayele alipoondoka, kuumia huko ni haki yake. Ukimpenda mtu akaondoka, unaumia. Lakini kuumia si sawa na kukosewa. Wengi tunachanganya mambo haya mawili.

Wapo waliotoka kwa mlango ulionata. Feisal Salum, yule wanayemwita Fei Toto, mwishoni mwa mwaka 2022 alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga. Shirikisho la mpira la Tanzania likasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana hachezi, klabu haimtumii, mashabiki wanarushiana maneno. Mpaka Rais Samia mwenyewe akawaomba Yanga walimalize jambo hilo. Juni 2023 akaenda Azam. Angalia hapo: hakuna shabiki aliyelimaliza kwa matusi. Lilimalizwa na watu waliokaa chini wakazungumza.

[Muziki mfupi]

Lakini mfano ninaotaka tuuangalie vizuri zaidi ni wa mtu wa kwetu kabisa. Kibu Denis.

Kibu ni mtoto wa familia ya wakimbizi kutoka Kongo. Alikulia Tanzania. Mwaka 2021 alipewa uraia wa Tanzania, mwaka huohuo akatoka Mbeya City kwenda Simba. Wapenzi wa Simba walimpenda kwa kuwa anakimbia uwanja mzima kama mtu anayefukuzwa. Aprili 2023 aliwafunga Yanga kwenye ushindi wa 2-0. Novemba mwaka huo Yanga walipoipiga Simba 5-1, siku ambayo shabiki wa Simba hapendi kuisikia, lile bao moja la Simba lilikuwa lake.

Kisha ikafika Julai 2024. Kibu alikuwa amekwisha kuongeza mkataba na Simba. Timu ikaenda Misri kujiandaa na msimu mpya. Kibu hakuonekana. Ikajulikana kwamba yuko Norway, kwenye klabu ya Kristiansund, anajaribu bahati. Klabu yake ikatangaza hadharani kwamba ameondoka bila ruhusa na kwamba atachukuliwa hatua.

Hapa, ndugu msikilizaji, kosa lipo. Tusilifunike. Mtu aliweka sahihi, akapokea, kisha akaondoka bila kuaga. Huko ndiko kutoka kwa dirisha. Ukisema "ni ujana" au "ni maisha", unawakosea wale waliobaki wakafanya mazoezi.

Agosti Kibu akarudi. Mambo yakazungumzwa. Akavaa tena jezi nyekundu. Na mashabiki walewale waliokuwa wakimsema wakalazimika kuamua: tumzomee au tumwache acheze?

Walimwacha acheze. Tarehe 22 Septemba 2024, kwenye uwanja wa Mkapa, Simba ilikuwa inapambana na Al Ahli ya Tripoli ili kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Walibya wakatangulia kufunga. Nani akasawazisha? Kibu. Simba ikashinda 3-1 ikaingia makundi. Desemba wakaja CS Sfaxien wa Tunisia, nao wakatangulia. Kibu akasawazisha, na katika dakika za nyongeza, watu wakiona ni sare, akafunga la pili. Msimu huo Simba ilifika fainali.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi "samehe ili akufungie mabao". Kama Kibu angerudi akakosa kila mpira, bado ingekuwa sawa kumpokea. Ninachosema ni kwamba kusamehe hakukufuta kosa. Klabu ilisema wazi kwamba amekosea. Yeye alirudi kwa miguu yake akakabili aibu. Mashabiki nao wakaacha kumlipisha kila wiki deni lilelile. Kila mmoja alifanya sehemu yake. Wahenga walisema, mtoto akikunyea mkono huukati. Hawakusema usiuoshe. Unauosha, na mtoto unamwambia, kisha unaendelea kumbeba.

[Muziki mfupi]

Turudi Gitaza.

Nilimpima yule kijana wetu kwa maswali hayohayo. Je, aliachwa? Hapana, tulimpenda. Je, ana haki ya kuondoka? Ndiyo. Mchezaji wa timu yetu hana mkataba wala mshahara. Timu haimpi chakula, mtumbwi unampa. Mama yake ana wadogo wengine watatu wa kulisha, na posho unajua inavyokwisha kabla ya mwezi. Mtu akienda panapompa samaki, tusiseme ameuza ndugu zake.

Na wale waliomwita "mtu asiye na kwao", naomba mjiulize neno hilo mlilisikia wapi kwanza. Sisi wote tumewahi kuambiwa tumeacha kwetu, kana kwamba tulipenda. Neno lililokuuma likitoka kwa mgeni, usiliweke kinywani umpelekee mwenzako.

Lakini je, alitoka kwa mlango? Hapana. Hakuaga, na jezi iko kwake. Hilo ni kosa lake, na nilimwambia. Nilimkuta ufukweni anashona wavu. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Nilitaka kurudisha jezi. Lakini sasa nikipita pale kambi ya timu, nani atanipokea? Baada ya lile jiwe, mama hataki nipite."

Unaona tulipofika? Yeye anasubiri tupoe ndipo aje. Sisi tunasubiri aje ndipo tupoe. Katikati yuko mama ambaye usiku anasikiliza mlango.

Nilikwenda pia kwa kocha. Kocha ni mtu wa maneno machache. Alisema: "Jezi arudishe. Aseme nilikosea. Mimi sina neno naye." Nikamuuliza, "Na waliorusha jiwe?" Akasema, "Hao nao waende kwa mama yake waseme walikosea. Samahani haiendi upande mmoja."

Jumamosi ijayo timu hizi zinarudiana. Mbalamwezi itakuwa kubwa, na siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawaendi ziwani, kwa hiyo watakuja wote, na sisi tutakuwa wote. Nimeambiwa kuna vijana wanaojiandaa kumsubiri. Nawaambia hewani, mkinisikia: mzomeeni akiwa na mpira, hiyo ni sehemu ya mchezo. Mwimbieni nyimbo za utani. Mkabeni uwanjani asipite, hilo ndilo litakalomuuma zaidi. Lakini mkono wa mtu usimguse, na jina la mama yake lisitajwe. Na filimbi ya mwisho ikilia, iwe mwisho.

Kwa wavuvi wenyeji wetu wa Gitaza, nanyi nina ombi. Mkimchukua mchezaji wa timu nyingine, tumeni mtu mzima azungumze na kocha wake kwanza. Hata posa ina mshenga.

Mimi nimemwambia kijana kwamba Ijumaa jioni nitampitia. Tutakwenda pamoja kwa kocha, yeye ameshika jezi, mimi niko kando yake. Kisha mimi nitakwenda kwa mama yake peke yangu, kwa sababu niliimba na wengine, na sijamwambia bado.

Wewe je? Mchezaji wako ni nani, yule ambaye mpaka leo hujamwita jina lake, unamwita "yule aliyetuacha"? Pima: aliachwa, au aliacha? Alitoka kwa mlango, au kwa dirisha? Na wewe, ulimfanyia nini baadaye? Ukimaliza kujibu, huenda ukakuta kila mmoja wenu ana kitu cha kurudisha.

Mungu awalinde. Tukutane juma lijalo, na matokeo ya Jumamosi nitawaletea, tushinde tusishinde.

[Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho]

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kuumizwa na kukosewa? Kila mmoja atoe mfano wa mpira au wa nyumbani.

2. Mchezaji anapotaka kuhamia timu nyingine hapa tunapoishi, aanze kumwambia nani, na timu inayomchukua ifanye nini?

3. Mashabiki wakianza kumtukana mchezaji au familia yake, nani kati yetu anaweza kuwanyamazisha, na awaambie nini?