Acheni Njia Kabla ya Kupiga Bikoni
(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wenzetu waliokutana Kehancha kuzungumza juu ya makao na ploti)

Mlituomba tuje kueleza jinsi kikundi chetu kilivyonunua ploti, na tunadhani wengi wenu mlitarajia kusikia habari ya mafanikio. Tutawaambia ukweli. Ploti tulinunua, nyumba tumejenga, lakini tulifanya kosa moja ambalo mpaka leo tunalilipia. Tumekuja kulisema mbele yenu kwa sababu tunasikia vikundi vitatu hapa viko karibu kumwita mpima ardhi.

Kwanza tuangalie tulikotoka. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kuria yote ya Kenya ilikuwa na watu zaidi ya 256,000. Ile ya mwaka 2019, ukijumlisha Kuria Magharibi na Kuria Mashariki, ilipita 305,000. Yaani kwa miaka kumi tu tumeongezeka karibu watu 49,000. Sasa fanyeni hesabu ndogo: tukiweka watu watano kwa nyumba moja, hizo ni nyumba karibu elfu kumi mpya. Kila nyumba inataka choo, maji na mahali pa kupita. Na tangu ile hesabu hatujaacha kuzaa, sivyo? (Hapo mlicheka, lakini ndio ukweli.)

Wengine wamezaliwa hapa hapa na wengine wamekuja. Kuna waliokuja kwa biashara ya mpaka pale Isebania, kuna walimu na wafanyakazi wa serikali, kuna vijana wanaofuata dhahabu. Lakini sehemu kubwa ni sisi wenyewe na mashamba yetu kugawanyika. Chukua babu aliyekuwa na ekari 10 na wana watano. Kila mmoja alipata ekari 2. Yule mwana naye akazaa wana wanne, kila mmoja akapata nusu ekari. Nusu ekari utapanda mahindi au tumbaku kiasi gani? Haisomeshi mtoto. Basi mjukuu anauza vipande, na mnunuzi ni mtu kama sisi, mwenye akiba kidogo ya kikundi na hamu ya kutoka kwenye nyumba ya kupanga. Hivyo ndivyo mji wa Kehancha unavyokua. Hakuna aliyekaa chini akauchora. Unakua ploti kwa ploti, kila mtu na bikoni zake.

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama wanane. Tulianza na mzunguko wa pesa kama ninyi, kila mwezi mmoja anapokea. Baada ya muda tukasema tuache kula pesa zetu, tununue ardhi. Tukapata ekari moja kwa mzee mmoja, si mbali na mji, iliyopakana upande mmoja na njia ya zamani. Tulifurahi sana. Mpimaji aliyeletwa alituuliza swali moja tu: "Mnataka ploti ngapi?" Tukasema nane, za 50 kwa 100, kwa sababu hiyo ndiyo ploti inayojulikana. Akapima: nne mbele zikitazama ile njia, nne nyuma zikigusana mgongo na zile za mbele. Tukaandika namba kwenye karatasi, tukatia ndani ya kikapu, kila mmoja akachota. Wanne wakapata mbele, wanne nyuma.

Hebu nyamazeni kidogo, mwone hiyo picha. Wale wa nyuma wanapita wapi?

Hatukuuliza. Si tulikuwa kikundi kimoja? Tulisali pamoja, tulizikana, tulikopeshana. Wa nyuma walipita kwenye ploti za wa mbele na hakuna aliyesema neno. Mambo yakaenda hivyo mpaka mmoja wa mbele alipopanda mboga na kuziwekea ua, kwa sababu ya kuku. Hakukosea, ni ardhi yake. Wa pili akajenga vyumba vya kupangisha, akavifikisha mpaka kwenye bikoni ili asipoteze hata futi moja. Wa tatu alipatwa na shida ya hospitali akauza, na aliyenunua hakuwa mwanakikundi. Yeye alionyeshwa bikoni nne tu, hakuna aliyemwonyesha mapatano yetu ya mdomo. Mwisho wa yote ikabaki nafasi ya futi tatu katikati ya kuta mbili. Hiyo ndiyo barabara ya familia nne.

Kupitia futi tatu unaweza kupita na ndoo ya maji kichwani. Huwezi kupita na mkokoteni wa matofali, kwa hiyo wenzetu wa nyuma walijenga kwa gharama ya juu, kila tofali limebebwa kwa mkono. Bodaboda haigeuki. Choo kikijaa, gari la kunyonya haliingii, na ploti ni ndogo, utachimba kingine wapi? Usiku mmoja binti-mkwe wa mwenzetu alishikwa na uchungu. Gari lilifika mpaka kwenye njia, likasimama hapo. Tulimtoa akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao, wanaume wawili wakipita kiubavu ubavu, na mtoto hakungoja. Alizaliwa pale pale kwenye uchochoro, kwa mwanga wa simu. Mama na mtoto wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini wanawake tuliokuwepo usiku ule hatuwezi tena kusikia mtu akisema "njia si neno, tutaelewana."

Sasa tuwaonyeshe jambo ambalo lilitutia uchungu zaidi, kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita. Ekari moja iliyo mraba ina futi kama 208 kila upande. Ukiacha barabara ya futi 30, yaani mita 9, katikati kutoka mwanzo mpaka mwisho, zinabaki futi 178. Gawanya kwa mbili: kila safu inapata urefu wa futi 89. Na upana wa futi 208 ukigawanya kwa nne ni futi 52. Kwa hivyo ploti zinabaki nane vile vile! Badala ya 50 kwa 100 zinakuwa 52 kwa 89. Hakuna anayekosa ploti. Kila mtu anatoa futi 11 tu, na wote wanane wanaishi kando ya barabara. Sisi tulikuwa tumeshika zile futi 11 kwa meno, tukapoteza barabara nzima.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: kwa nini mita 9, kwani tuna magari? Mama, leo huna. Lakini nguzo za stima zinataka mahali pa kusimama, bomba la maji linataka mahali pa kulala, na maji ya mvua yanataka mahali pa kukimbilia. Hilo la mvua watu hulisahau. Zamani mvua ikinyesha shamba lilikunywa. Leo kuna mabati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 6, ikinyesha milimita 20 tu jioni moja, inamwaga lita kama 1,200. Zidisha kwa nyumba nane. Kama hakuna mtaro, maji hayo yanaingia kwa jirani wa chini, na hapo ugomvi unaanza. Anayeweza kuweka mifereji na tangi apate maji ya kunywa na kufulia, afanye hivyo. Ni maji mazuri kuliko mengi tunayonunua.

Na tukitaja maji lazima tuseme habari ya vyoo, hata kama watu wanaona haya. Maofisa wa afya hushauri kisima kiwe mbali na choo cha shimo, kama mita 30. Mita 30 ni karibu futi 100. Ploti yako ina urefu wa futi 100! Ukiweka kisima pembe moja na choo pembe ya mbali kabisa, umefaulu kwa shida. Lakini jirani yako naye amechimba choo chake wapi? Pengine futi kumi kutoka kisima chako, upande wa pili wa ua, na yeye hana kosa kwa sababu yuko mbali na kisima chake mwenyewe. Kwetu ilikuwa hivyo. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Migori na Homa Bay, tuliambiwa tuchemshe maji au tuyatie dawa, na ndipo tulipotembea kutoka ploti mpaka ploti tukihesabu hatua. Visima viwili vilikuwa vimezungukwa na vyoo pande tatu. Tuliviacha vya kufulia tu.

Ploti za namna hii hazifai kila mtu awe na kisima chake. Inafaa mkubaliane mapema: vyoo vyote vipangwe upande mmoja, ule wa chini ya mteremko, na kisima kiwe kimoja cha wote, huko juu, mbali, mkifunike vizuri na mchague mtu wa kukiangalia. Hilo haliwezekani baada ya kila mtu kujenga. Linawezekana siku ya kupima.

Baba mmoja ametuuliza, kazi ya barabara na maji si ya serikali? Ni kweli. Mabaraza ya miji ya zamani, pamoja na lile la Kehancha, yalikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, maji na mipango ya miji. Tuwadai, ni haki yetu. Lakini jueni: kaunti inaweza kuleta changarawe mahali palipo na barabara kwenye ramani. Haiwezi kumwaga changarawe juu ya ukuta wa jirani yako. Hata Nairobi, pale Pipeline, watu walijenga maghorofa yakabanana mpaka mchana ni giza, na kupata nafasi ya barabara au mtaro sasa ni kazi kubwa kuliko ingekuwa wakati pale palikuwa ploti tupu.

Kwa hiyo neno letu kubwa leo ni ramani. Msitosheke na mapatano ya mdomo, hata ya kuandikwa kwenye daftari la kikundi. Wazee wetu walikaa kwenye iritongo, wakasema njia ya ng'ombe kwenda mtoni isizibwe, na haikuzibwa, kwa sababu kila mtu alijulikana na hakuna aliyeuza. Siku hizi ardhi inauzwa, na anayenunua anaangalia karatasi. Njia isiyokuwa kwenye karatasi inakufa siku ploti ya kwanza inapouzwa. Kabla ya bikoni kupigwa, chukueni kamba na vijiti, mweke barabara chini kwa macho yenu, mtembee juu yake. Halafu mpimaji aichore kwenye ramani ya mgawanyo. Kugawanya shamba kunahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na kama ni shamba la kilimo, kuuza na kugawanya kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, la sivyo mauzo si halali. Ombi lifike kwa bodi kabla ya miezi sita kwisha tangu mapatano. Na mke wa muuzaji awepo, akubali kwa kinywa chake. Tumeona akina mama wakigundua shamba limeuzwa siku ya kupandwa miti ya ua. Kikundi cha kanisa kisinunue ardhi ya namna hiyo hata kama ni rahisi.

Na sisi tunafanya nini? Hatujakaa tu. Tulirudi kwa wanne wa mbele, tukaongea, mwishowe wawili wakakubali kuturudishia futi nne kila mmoja kando ya mpaka wao, bora wenzao wa nyuma walipe gharama ya mpimaji na kujenga ua upya. Pamoja na zile tatu zilizokuwepo, zitakuwa futi 11. (Ndiyo, ni zile zile 11. Tulicheka na sisi.) Si barabara, lakini gari dogo litaingia kwa shida na nguzo ya stima itapata mahali.

Amebaki mmoja, yule aliyenunua baadaye, ambaye kona ya chumba chake cha kupangisha inazuia mwisho wa njia. Hatumlaumu, hakuwepo siku ya kikapu. Tumemwendea mara tatu na mzee wa kijiji. Mara ya mwisho alitupa chai, akasema atazungumza na mkewe. Tunarudi kwake Jumanne, na safari hii tunakwenda na yule mama pamoja na mtoto wake, ambaye sasa anatembea.