Tusimfiche Mtoto, Tumpeleke Mazoezi



Leo naongea juu ya mtoto ambaye kila mtaa unamjua. Wageni wakija, anaingizwa chumba cha nyuma. Ana miaka mitano na hajaketi.

Mara nyingi mtoto huyo ana mtindio wa ubongo. Si laana, wala si dhambi ya mamake. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Pengine alikosa hewa. Pengine macho na ngozi viligeuka manjano sana siku za kwanza na hakutibiwa. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini mwili unakua nalo: misuli inakaza, viungo vinajikunja, nyonga inaweza kuteguka.

Mazoezi ya viungo hayaponyi ubongo, tusidanganyane. Yanamfunza mtoto kukaa, kushika kijiko, kusimama, na yanasaidia viungo visikakamae. Na yanafaa zaidi yakianza mapema.

Kwa hivyo angalieni. Miezi minne, shingo bado inalegea. Miezi tisa, hakai. Hajafika mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu. Miguu inakaza na kupishana kama mkasi. Ukiona hivyo, usiseme "atatembea tu, hata mjombake alichelewa." Dua iendelee, lakini wiki hiyo hiyo apelekwe hospitali, muulizie fiziotherapia.

Sisi wa Thika hatuwezi kusema hatujaona mfano. Joytown, shule ya Jeshi la Wokovu, imesomesha watoto wenye ulemavu wa viungo hapa hapa tangu miaka ya 1960. Huko mtoto wa magongo ni mwanafunzi kama wengine.

Shida kubwa ni kufika. Fikiria mama wa Ruiru, mtoto mzito mgongoni, matatu inampita. Akienda kliniki, kibarua cha siku kimepotea. Na akirudi, kazi ndiyo inaanza, kwa sababu nusu saa ya kliniki haitoshi. Mazoezi ni ya kila siku, juu ya mkeka, nyumbani. Atafanya peke yake mpaka lini?

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kusoma, kutumia usafiri wa umma na kupata vifaa vya kumsaidia. Haki hiyo ni ya huyu mtoto pia. Sisi tunaopiga kelele za haki, tumemtetea lini?

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja achague nyumba moja. Siku ya kliniki, msindikize mama, ubebe mtoto. Makanga akikataa, usinyamaze. Mwombe mtaalamu akufunze yale mazoezi, ndiyo jioni umpokee mama zamu.

Na mgeni akija, mtoto akae sebuleni na wenzake.