Saratani ya Ini Haingoji Uzee
Mazungumzo na walaji wa Kilwa na pwani ya Lindi



Wengi wetu huihesabu saratani kuwa ni maradhi ya uzeeni. Kwa saratani ya ini, hesabu hiyo inatupotosha. Huko Ulaya na Marekani huwapata zaidi watu waliokwisha kuvuka miaka 60. Kwetu, katika Afrika ya kusini mwa Sahara, wagonjwa wengi wana miaka arobaini na kitu, na wapo wasiofika hata 30. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, madaktari wa katikati ya karne iliyopita waliwakuta vijana wa kiume wakiugua kwa wingi ambao ni nadra kuonekana kwingineko duniani. Mtu wa umri huo ndiye anayelima, anayevua na anayesomesha. Akiondoka, nyumba nzima hutikisika.

Kwa nini ugonjwa uje mapema hivyo? Kwa sababu chanzo chake humwingia mtu tangu utotoni. Vyanzo vikubwa kwetu ni viwili: virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu iliyomo katika chakula.

Virusi hivyo hupita katika damu na majimaji ya mwili. Mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watoto huambukizana kwa vidonda vyao. Watu wazima huambukizana kwa kujamiiana bila kinga. Wembe wa chale, au kisu cha jando kinachotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, nacho ni njia. Mtoto akiambukizwa angali mchanga, virusi kwa kawaida humkalia maisha yote, naye huweza kuishi miaka 20 au 30 bila kuhisi lolote.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota juu ya mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Joto na unyevunyevu wa pwani yetu huwapa kuvu hao makazi mazuri. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 20 kati yao wakafariki. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa muda mfupi. Sumu kidogo ya kila siku haimtapishi mtu wala haimlazi. Hulijeruhi ini polepole. Wataalamu wanakadiria kwamba kwa mtu mwenye virusi vya aina ya B, nguvu ya sumukuvu ya kuleta saratani huongezeka mara 30 hivi. Kwa hiyo mambo haya mawili hayatenganishiki: anayejali ini lake ataangalia ghala lake, na ataangalia pia damu yake.

Tuanze na chakula. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki hakiruhusu sumukuvu izidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja za mahindi. Kwa unga uliofungashwa, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019. Lakini mahindi na karanga za fungu sokoni hazina alama. Hapo mkaguzi ni wewe mnunuzi. Kataa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zinazonuka uvundo. Karanga zilizosagwa na unga wa lishe huficha mengi: ni salama zaidi kununua punje nzima, kuchambua, kisha kusaga mwenyewe, hasa kwa uji wa mtoto.

Najua ni vigumu kumwambia mtu atupe debe la mahindi mwezi wa Februari, wakati mavuno yangali mbali. Habari njema ni kwamba sumu haisambai sawasawa. Mara nyingi sehemu kubwa yake imo katika punje chache mbovu. Kuchambua kwa makini na kukoboa huipunguza sana, ingawa hakuimalizi. Punje mbovu zisipelekwe kwenye pombe wala kwa kuku, zifukiwe. Wala msitegemee moto: kupika, kukaanga na kuchoma hakuiondoi sumu hii.

Unapovuna, anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Ili kupima ukavu, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishwe juani. Yakikauka, yahifadhiwe juu ya chaga au katika mifuko isiyopitisha hewa. Na tubadilishe chakula: mtama na wali kwa kawaida hushambuliwa kidogo kuliko mahindi na karanga.

Sasa damu. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Leo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kliniki. Ndiyo rika hasa la vijana wetu wenye familia changa. Basi ulizeni kipimo katika kituo chenu cha afya, au katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Asiye na virusi achanjwe dozi tatu ndani ya miezi sita. Mwenye navyo asikate tamaa: zipo dawa za kuvidhibiti, aache pombe, na ini lake lichunguzwe mara kwa mara.

Mwisho, maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda ghafla, tumbo kujaa na macho kuwa ya manjano si mambo ya kusubiri wala ya kuchanjiwa chale. Dalili hizo huja ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Aliye nazo afike hospitali siku hiyo hiyo. Asiye nazo ndiye mwenye nafasi bora zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.