Kambi Mbili, na Mchuma Chai Katikati



Ndugu zangu katika imani, najua futari inawaita, sitawachosha.

Tuanze na Chebilat. Wengi wenu mnapita hapo mkielekea Kericho. Soko lile liko mpakani: upande mmoja Borabu yetu ya Nyamira, upande wa pili Sotik. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ODM na PNU waligombania kura Nairobi, lakini nyumba na maduka yalichomeka hapa. Majirani waliokuwa wakiuziana mahindi na maziwa wakarushiana mishale. Wakisii waliofanya kazi Bonde la Ufa wakarudi na watoto na godoro, kama godoro lilipona. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100.

Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa wakatia saini, mmoja akabaki Rais, mwingine akawa Waziri Mkuu. Alhamdulillahi, damu ilisimama, na hilo si dogo. Lakini mwenye duka aliyechomewa hakuwa na kiti kwenye meza ile.

Katiba ya 2010 inamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura, basi vyama, hata viwe vingi namna gani, hujikusanya kambi mbili. 2013 Jubilee na CORD, 2017 Jubilee na NASA, 2022 Kenya Kwanza na Azimio. Kila mara tunaambiwa hawa ni wetu, wale maadui. Halafu Machi 2018 mahasimu wakapeana mikono. Mwaka 2024 vigogo wa ODM wakaingia baraza la mawaziri, na Machi 2025 UDA na ODM wakatia saini mkataba. Mimi sipingi sulhu, sulhu ni kheri. Nauliza tu: wakishakaa meza moja, nani anabaki nje kumsemea mchuma chai wa Kebirigo au Sanganyi?

Maana shida ya mchuma chai haina rangi ya chama. Bonasi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki kwa miaka mingi, serikali ile na hii. Na Keroka je? Mji mmoja, kaunti mbili, ushuru unagombaniwa, na anayetoa ni yule mama wa ndizi. Mmewahi kusikia kambi zikitukanana juu ya hayo? Wao hutukanana juu ya nani msaliti.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimamie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Sembuse chama!

Mwaka 2022 vijana wawili wa darsa letu waliacha kusalimiana kwa ajili ya kofia za kampeni, moja ya manjano, nyingine ya buluu. Wenye kofia wamekwisha patana. Hawa wawili bado. Nawaona leo, mmoja yuko safu ya pili, mwenziwe karibu na mlango. Tende ziko sahani moja, mtafuturu pamoja inshaallah.

Wabillahi tawfiq.