Tuchange, na Tudai Pia: Hotuba ya Kamati ya Elimu kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ya Elimu imepewa dakika chache kabla ya harambee, na tungependa kuzitumia kueleza kwa nini shule za nyumbani zinarudi kwenu kila mwaka na orodha ileile, na nini kifanyike ili orodha hiyo ipungue. Orodha mnaijua: madawati, matundu ya vyoo, tanki la maji, mabati, karatasi za mitihani, posho ya mlinzi. Walimu wakuu wetu si watu wa kupenda kuomba. Wanaomba kwa sababu ya hesabu ambayo haikubali.

Tuiangalie hesabu hiyo. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002, kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya Serikali aliwekewa ruzuku ya uendeshaji. Kiwango kilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwaka, na kwa kuwa dola moja wakati ule ilikuwa karibu na shilingi 1,000, kikaandikwa shilingi 10,000. Miaka 20 baadaye kilikuwa bado ni shilingi 10,000. Dola ilishapita shilingi 2,000 zamani, na kuhusu bei ya saruji, mbao na karatasi, kila aliyejenga hata banda la kuku anaweza kutoa ushahidi.

Tena shilingi 10,000 hiyo haifiki yote shuleni. Shilingi 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na shule hupelekewa 6,000. Kwa sekondari kiwango ni shilingi 25,000. Nusu ni ya vitabu, na shule hubaki na 12,500 kwa kila mwanafunzi.

Sasa chukueni shule ya msingi yenye wanafunzi 400. Mara 6,000, ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima, sawa na 200,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati na shughuli za ofisi. Upepo ukiezua bati mbili, ni humo humo. Kitasa kikivunjika, ni humo humo. Shule yenye watoto 200 ina shilingi 100,000 kwa mwezi. Ile yenye watoto 1,200 pale mjini ina 600,000. Lakini shule zote tatu zinahitaji mlinzi wa usiku, zinahitaji tanki la maji, na zote tatu mwalimu mkuu wake anaitwa halmashauri kwa kikao kilekile, ila wa shule ndogo ndiye anayetoka mbali zaidi.

Hapo ndipo neno haki linapoingia. Kugawa kwa kichwa kunaonekana ni usawa, kwa sababu mtoto wa Sokon na mtoto wa Ngarenanyuki wanapata kiasi kimoja. Lakini mlima wetu si mmoja pande zote. Upande wa kusini kuna mvua, migomba na kahawa, na barabara kuu iko karibu. Ukizunguka kaskazini unakuta ukame. Katika maeneo kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki maji yenyewe yana floridi nyingi. Meno ya watoto wetu yanaonyesha, na wengine mifupa yao pia. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floridi kwa miaka mingi, na kila anayetoka huko anajua kwamba kuwa na maji ya bomba si lazima yawe maji ya kumpa mtoto. Shule ya huko ikitaka kumpa mtoto maji salama, inahitaji kuvuna ya mvua au kuchuja. Fomula ya kichwa haina mstari wa jambo hilo.

Tuseme wazi kwamba hatuko hapa kubeza kilichofanyika. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada kuanzia Januari 2016: shilingi 20,000 kwa sekondari ya kutwa na 70,000 kwa bweni, na Serikali ikabeba fidia yake. Fedha zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa. Watoto ambao wangebaki nyumbani wakichunga au wakiuza ndizi barabarani wakaingia darasani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini watoto waliongezeka na shilingi 10,000 haikuongezeka. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, mzazi maskini alipata nafuu ya kweli, kwani mtoto hakupaswa tena kurudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha. Pengo la bajeti ya shule, hata hivyo, lilibaki palepale, likisubiri mtu wa kujitolea.

Mtu huyo ni ninyi. Shule iliyotoa wahandisi, wafanyabiashara na wahadhiri ina wa kuipigia simu, na mwezi wa Desemba wanaporudi nyumbani kwa sikukuu huiacha na darasa au choo. Jirani yake, ambayo bado haijatoa mtu wa kupigiwa simu, inabaki na 6,000 zake. Chama kikichanga bila kudai, mwisho wake ni kwamba shule inaendeshwa kwa bahati ya nani alizaliwa karibu nayo. Na anayepanga bajeti juu, akiona madarasa yanajengwa, anaweza kuamini kwamba 10,000 inatosha.

Wapo watakaosema kudai ni siasa, na kwamba sisi ni chama cha maendeleo. Tunawakumbusha historia ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 1951 wazee wetu waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi igawiwe walowezi. Hawakukaa kimya. Walichangishana, kila mmoja kwa uwezo wake, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952, akisaidiana na wakili Earle Seaton, kupeleka kesi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama pale. Ardhi haikurudi wakati ule, na hatutadanganyana kuhusu hilo. Lakini angalieni walitumia mchango wao kwa kazi gani. Wangeweza kununua mahema ya waliofukuzwa na kuishia hapo. Walichanga ili sauti yao ifike mahali maamuzi yanapofanyika, na nchi nzima ikajifunza kutoka kwao.

Sasa, sisi tudai nini? Kamati inapendekeza mambo matatu.

La kwanza, kiwango cha ruzuku kipitiwe upya, na baada ya hapo kipitiwe kila baada ya muda maalumu kulingana na bei. Kupandisha si mwiko. Wenzetu ng'ambo ya Namanga walianza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003 kwa shilingi za Kenya 1,020 kwa mtoto, baadaye wakafika 1,420. Wao pia wana malalamiko yao kuhusu ucheleweshaji, lakini tarakimu ilisogea.

La pili, kila shule ipate kwanza kiasi cha msingi cha kuiwezesha kufungua milango, ndipo kiongezwe cha kichwa, na nyongeza kwa shule zenye mazingira magumu, yakiwemo maji yenye floridi.

La tatu, fedha zifike kwa wakati unaojulikana, na kiasi kilichopokelewa kibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo mzazi anaweza kukisoma.

Njia za kudai zipo kisheria na hazihitaji maandamano. Kamati ya Shule ina nafasi ya wazazi. Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, kuna Baraza la Madiwani, iwe halmashauri ya Meru, ya Arusha au Jiji. Kiwango cha ruzuku chenyewe ni cha kitaifa, kwa hiyo kinahitaji wabunge wetu, na Bunge la Bajeti hukaa kati ya Aprili na Juni kwa ajili ya mwaka unaoanza Julai 1. Anayepeleka hoja mwezi Mei amechelewa. Ya kwetu iwe mezani kwa madiwani na wabunge kabla ya Krismasi.

Na hoja iende na karatasi, isiende na manung'uniko. Viwango vya Serikali yenyewe vinasema darasa moja watoto 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kila shule ihesabu: ina watoto wangapi, matundu mangapi, madarasa mangapi, ilipokea shilingi ngapi na lini. Karatasi moja kwa kila shule inatosha.

Haraka ipo. Kwa mpangilio wa mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na watoto wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa siku moja. Sekondari zetu za kata hazitaweza kuwapokea kwa harambee peke yake, hata mkichanga mara mbili ya leo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba mkutano huu ukubali mambo mawili kabla kapu halijapita. Sehemu moja ya kumi ya makusanyo itumike kukusanya takwimu hizo kutoka shule zote, na kulipia nauli za wawakilishi wa kamati za shule kwenda kuziwasilisha. Na nusu ya kinachobaki iende kwa shule zisizo na mtu katika ukumbi huu. Viongozi wa kata watusaidie kuzitaja.

Madawati bado yanahitajika Januari, na mtoto hawezi kukaa sakafuni akisubiri Bunge. Tunawaomba mchange leo kama mlivyochanga siku zote, na zaidi. Atakayetoa bati, atoe bati. Atakayetoa elfu tano, tutamwandikia risiti kama aliyetoa milioni. Kisha kila mmoja, akirudi kijijini, aulize jambo moja kwenye ubao wa shule aliyosoma: mwaka huu ilipokea shilingi ngapi?

Mwenyekiti, tunakurudishia kipaza sauti ili harambee ianze.