Kichocho katika Malambo ya Shinyanga na Ufuko wa Geita
Tofauti na minyoo bapa wengi, ambao kila mmoja ana viungo vya dume na jike, minyoo wa kichocho wana jinsia mbili, na dume humkumbatia jike katika mfereji wa mwili wake ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Mayai hutoka kwa mkojo katika kichocho cha kibofu, kilichoenea Shinyanga, au kwa kinyesi katika kile cha matumbo, kando ya Ziwa Victoria mkoani Geita. Yakifika majini huanguliwa viluwiluwi vinavyoingia ndani ya konokono, ambamo kimoja huzaa maelfu bila kujamiiana. Viluwiluwi hivyo vipya hutoka na kupenya ngozi ya mkulima wa mpunga aliyeingia majini. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimkingi mtu anaporudi majarubani, na konokono wa malambo hustahimili kiangazi matopeni.